Asante, Afande

Afande, nimesikia umevishwa nishani ya uongozi. Wacha niseme niliyoyaona.

Nilimaliza mafunzo ya polisi jeshi Fort Leonard Wood, Missouri, Marekani, na Kiingereza changu cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Redioni hawakunielewa, nikataka kuacha. Kikosi chetu cha akiba hukutana wikendi moja kwa mwezi, ila wewe ulikuja kwangu kila Jumanne, ukitoka kuendesha basi la shule. Jikoni, na redio isiyo na betri: wewe nani, uko wapi, umeona nini. Ukaniandikia Alpha, Bravo, Charlie, maneno ya kutaja herufi A, B, C redioni, kwenye kipande cha boksi. (Wenye vyeo wengine, jaribuni hilo kabla ya kufoka.) Siku ya zoezi hukuninong'oneza hata neno, ulisimama nyuma, umekunja mikono.

Kipande kile bado kimebandikwa mlangoni mwa friji, kina doa la chai.