Kipumulio chako kiko njiani

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mimi sijambo, ila vidole vimekuwa vyeusi kwa vumbi la chuma, na sababu yake unaijua.

Kimekwisha. Kile kipumulio cha chini ya maji cha jasusi James Bond, tulichokiona utotoni katika filamu ya Thunderball, tukawa tunasimamisha mkanda na kuurudisha nyuma mpaka tukafukuzwa sebuleni, sasa kiko mezani mbele yangu. Kinaenea kiganjani. Vichupa viwili vya chuma, kimoja kulia kimoja kushoto, kiungo katikati, na kipande cha mpira cha kuuma kwa meno. Basi. Unakumbuka Q, yule fundi wa vifaa vya Bond, alivyomwambia kwamba kinatosha dakika nne hivi? Wewe ulikiamini kuliko mimi. Usiku ule ulilala ukihesabu dakika nne kwa sauti, upate kujua zina urefu gani.

Katika barua yako umeniuliza kama changu kitafanya kazi, maana mpwa wako anataka kuingia nacho bwawani. Nitakujibu, lakini niache kwanza nikueleze nilivyokitengeneza, kwa sababu jibu limo humo humo.

Watu wa filamu ile hawakujisumbua kuunda vichupa. Walichukua vile vidogo vya kaboni dayoksaidi ambavyo watu walitumia kutia gesi kwenye siphoni ya soda. Nilipolijua hilo nilifurahi mno, kwa kuwa lilinipa rula. Kichupa cha gramu 8 kina upana wa milimita 18 na urefu wa 65 hivi, na bado kinapatikana. Nikaitafuta picha ambayo kifaa kimetulia na kamera inakitazama usoni, nikaikuza mpaka upana wa kichupa ukafika milimita 36 kwenye karatasi. Toka hapo, kila nilichokipima nilikigawa kwa mbili. Picha za Bond akiwa majini hazikunifaa kitu: midomo yake imekificha kiungo chote, na mapovu yanafuta kingo. Zilizonifaa ni zile kifaa kikiwa bado mkononi, kikavu.

Kiungo cha kwanza nilikichapa kwa printa ya 3D, nikakipaka rangi ya fedha. Ukikipiga picha kilipendeza, ila mkononi kilikataa. Unashika chuma kulia, chuma kushoto, halafu katikati kitu chepesi kama kifuniko cha chupa ya maji, na hapo mkono unajua kwamba umedanganywa. Nikakitupa. Nikaenda kwenye mashine ya kukerezea, nikakata shaba ya manjano, nikaichonga kwa tupa nikiwa nimeibana kwenye jiriwa, kisha nikaitia nikeli ili ifanane na vichupa. Sasa uzito umekaa katikati, na kifaa kinatulia chenyewe kwenye kiganja.

Vichupa nilitumia vilivyokwisha gesi tu. Hapa hakuna mzaha: kilichojaa kimebeba gesi kwa mgandamizo unaokaribia mara 60 ya hewa tunayovuta, wala hakipaswi kuguswa na keekee. Kilichotumika utakitambua shingoni, pana kitundu cha sindano. Kitundu hicho ni kibaya kukitazama, kwa hiyo nimezielekeza shingo zote mbili ndani ya kiungo, na nje unaona matako ya mviringo peke yake, laini kabisa.

Ila kung'arisha, ndugu yangu, ndiko kulikonila siku. Msasa namba 400, halafu 800, halafu 2000 na maji, na kila ukibadilisha namba unageuza mwelekeo, ili mikwaruzo ya kwanza ife kabla hujaanza ya pili. Nilidhani nimemaliza. Nikakipeleka dirishani jua likiwa linatua, nikakizungusha polepole, na kwenye bega la kichupa cha kushoto ikajitokeza mistari mitatu myembamba kama nywele. Mchana huioni kabisa. Nikarudi namba 400 nikaanza upya, kwa sababu kamera ingeiona, na kitu hiki kiliundwa kwa ajili ya kamera.

Sasa lile swali lako. Nilikaa na penseli nikapiga hesabu. Ndani ya kichupa kimoja ni nafasi ya mililita 10 tu. Tuseme umeweza kukijaza hewa kwa mgandamizo wa mitungi ya wapiga mbizi, mara 200 ya hewa ya kawaida. Utapata lita mbili. Vyote viwili, lita nne. Mtu anayeogelea kwa juhudi hutumia kama lita 20 kwa dakika. Sekunde kumi na mbili zimekwisha, nawe uko karibu na juu ya maji. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa maradufu na muda unabaki nusu: sekunde sita. Ili zitimie zile dakika nne za Q, hata hapo juu tu, kila kichupa kingepaswa kuwa kikubwa mara ishirini, na huo si mzigo wa kuuma kwa meno. Vipumulio vya kweli vinavyozungusha pumzi ya mpiga mbizi vipo, lakini vina mfuko wa kupokea pumzi, vina oksijeni, na vina dawa ya chokaa inayonyonya kaboni dayoksaidi. Hiki hakina hata kimoja.

Na hata watu wa filamu wenyewe walijua. Baada ya filamu kutoka mwaka 1965, afisa mmoja wa wahandisi wa jeshi la Uingereza alimpigia simu Peter Lamont, aliyekuwa mchoraji wa ramani katika idara ya sanaa ya filamu ile. Alitaka kujua mtu anaweza kukaa chini ya maji kwa muda gani akitumia kifaa kile. Lamont akamjibu: kwa muda utakaoweza kuzuia pumzi. Walioonekana kwenye filamu walikuwa wapiga mbizi hodari wakizuia pumzi, na fundi wa kuhariri akikata picha kabla hawajaibuka. Napenda sana kisa hiki. Mwanajeshi aliyesomea uhandisi aliamini vichupa viwili vya soda, kwa jinsi vilivyopangwa vizuri kando ya mdomo. Nimekaa na kifaa hiki wiki nyingi, na kwangu mimi huo ndio ufundi wake mkubwa. Mwaka 2002 walikirudisha tena katika Die Another Day, na watazamaji wakakitambua papo hapo.

Kwa hiyo sikukitia hewa, na wala sitafanya hivyo. Nimefuata kilivyokuwa. Zaidi ya hapo, kile kipande cha mpira nimekiziba ndani kwa gundi ya epoksi, ili mpwa wako asije akapata wazo la kukiunganisha na kitu kingine. Mwambie mapema, kwa upole, na umweleze sababu: mtu akivuta hewa ya mgandamizo chini ya maji, kisha akapanda huku amezuia pumzi, hewa hutanuka kifuani na inaweza kuyapasua mapafu. Bwawani asiingie nacho kabisa. Nje ya maji akiume, ajitazame kwenye kioo apendavyo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara tatu.

Nimekifunga kwa kitambaa cha pamba, ndani ya kasha la mbao lenye nafasi iliyochongwa kwa umbo lake. Ukikitoa, kishike katikati. Vichupa nimeviondoa rangi yote, hivyo jasho la vidole huacha alama, na kutu hufuata. Kila baada ya wiki chache kipitishie pamba yenye tone la mafuta ya cherehani. Na jioni moja, jua likitua, kisogeze dirishani ukizungushe. Anza na kile cha kushoto, kisha uniandikie kama umeona mstari wowote.

Nisalimie wote.

Wako wa siku zote