Barua kwa Mwanangu Kabla Hujatia Saini

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, ila mguu wangu ungali unanisumbua kila asubuhi. Mdogo wako ameniambia kwamba wiki ijayo unakwenda kuonana na watu wa kaboni, na kwamba mkataba uko tayari, imebaki saini yako tu. Tangu nilisikie neno hilo "tu" sijapata usingizi wa kutosha, ndiyo maana nimeona heri niandike, kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika ninakokwenda.

Kilimo cha kaboni, yaani kulima kwa namna inayoivuta hewa ya ukaa na kuihifadhi udongoni na mitini, kisha kuuza hati zake, sikipingi. Najivunia kwamba wakati wenzako wanauliza shamba litauzwa lini, wewe ulirudi kuuliza udongo una hali gani. Lakini nijibu jambo moja: mkataba huo ni wa miaka mingapi? Mdogo wako hakujua, nami nahofia kwamba hata wewe hukuuliza. Huko Australia, ambako sheria ya kilimo cha kaboni ilipitishwa mwaka 2011, mwenye ardhi huchagua kuilinda kaboni kwa miaka 25 au 100. Miaka 100, mwanangu, humfunga hata mtu ambaye bibi yake bado hajazaliwa.

Unaniambia habari za fedha. Hati moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ya ukaa iliyoondolewa angani, na kabla malipo hayajakufikia kuna mpimaji wa udongo, mkaguzi na dalali, na kila mmoja ana fungu lake. Bei hupanda na kushuka bila kukuuliza. Tena udongo haujazwi bila kikomo: baada ya miongo michache kasi ya kulimbikiza kaboni hupungua, ilhali ahadi yako inaendelea. Wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya walipata hati za kaboni ya udongo mwaka 2014, wakiwa miongoni mwa wa kwanza duniani, lakini fedha zilipogawanywa kwa maelfu yao, fungu la kila mmoja lilikuwa dogo, na faida waliyoiona zaidi ilikuwa mavuno.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie hesabu. Mnunuzi hununua ile hewa iliyoondolewa angani, lakini kwako wewe kaboni hiyo ni mboji, nayo haiondoki na mnunuzi. Juzi nilichukua bonge la udongo chini ya mti wa uani na jingine katikati ya shamba, nikayatumbukiza katika bilauri mbili za maji. La shambani lilimeguka papo hapo, maji yakawa tope. La chini ya mti lilikaa zima, na hata nilipomaliza kufagia uwanja lilikuwa bado halijavunjika. Udongo wa namna hiyo hunywa mvua badala ya kuiachia ikimbie na rutuba, na kiangazi kinapokuja huwa bado una unyevu. Ukiacha mabua yafunike ardhi, ukapanda kunde kati ya mistari ili zirudishe naitrojeni, utapunguza mbolea ya kununua, na miti ya mpakani itawapa ng'ombe kivuli, itakupa kuni, na nyuki watapata maua. Haya yote utayapata hata bei ya kaboni ikianguka kesho, na hakuna hata moja linalongoja saini ya mtu.

Lile korongo la mtelemkoni usilihesabu kuwa kazi ya mvua peke yake. Mchoma mkaa hakuingia pale kwa wizi, na ada yako ya mwaka ule haikutoka mbinguni. Ulinikataza ukiwa mdogo, nikakunyamazisha. Kwa hiyo anza kupanda miti hapo, hata kabla ya mkataba. Ila uliza kwanza, maana nasikia miti iliyotangulia mradi huwa haihesabiwi, na sipendi upoteze haki yako kwa sababu ya haraka yangu.

Kuna na jambo la hati ya shamba. Ingali na jina la marehemu baba yako. Lilikuwa jukumu langu kulimaliza, na kila mwaka niliona mwaka ujao unafaa zaidi. Sasa utatia saini kwa jina la nani? Dada zako wana sehemu yao, na hakuna aliyewauliza kama wako radhi kufungwa miaka ambayo hata idadi yake hatuijui.

Muulize pia huyo mtu wa kaboni ng'ombe watakula wapi, kwa kuwa mdogo wako bado huwafungulia kwenye mabua kila baada ya mavuno, na mabua yakiliwa yote hakuna kitakachobaki kuufunika udongo. Nimemwambia atenge kipande cha malisho na kuwahamisha kwa zamu. Ameitikia, lakini uzio hajaujenga. Ukija, njoo na waya, na misumari ya kuezekea pia, kwa sababu bati la ghalani limelegea.

Njoo na mkataba wenyewe, si maelezo yako kuuhusu. Nitausoma mchana, nikiwa nimekaa mlangoni kwenye mwanga, na mahali palipoandikwa miaka utanionyesha kwa kidole.

Mama yako