Barua kwa mwanangu: Stata au R hapo kazini kwako

Mama, salamu zako nimezipata na ile meseji ya juzi nimeisoma yote. Nimefurahi sana bosi amekuamini, mgeni ofisini na tayari unaulizwa kitengo kinunue leseni za Stata, ile programu ya takwimu ya kulipia, au mhamie R ambayo ni ya bure. Ila wewe umeniuliza "baba ipi bora" na hapo siwezi kukujibu kwa neno moja, maana kwa hesabu za utafiti wa kaya zote mbili zinafanya kazi vizuri tu. Mi ningeanza kwa kuuliza mradi ukiisha nani atalipa, na nani ataweza kufungua mlichofanya.

Unajua kazi zetu zinavyoenda. Mfadhili anatoa pesa, leseni zinaingia kwenye bajeti, watu wanachapa kazi, alafu mradi unafungwa. Leseni ya mwaka ikikata programu haifunguki, zile faili za do mlizoandika, yaani za amri za Stata, zinabaki maandishi matupu, na hapo ndo wizara inakuja kuuliza ile asilimia ya kwenye ripoti mliipataje. Nimeshaona watu wakifika hapo wanaenda kutafuta iliyokrakiwa. Mwanangu nakuomba sana, hilo usilikubali hata siku moja, ni wizi, na hujui aliyeikraki kaweka nini ndani, wakati kwenye laptopu hiyo hiyo una majina na namba za simu za watu waliokukaribisha kwao wakakaa na wewe kujibu dodoso lile refu.

Na wala sio pesa peke yake. Mwaka 2020 Taasisi ya Teknolojia ya Harbin kule China ilikatiwa MATLAB, programu ya hesabu ya kampuni ya Marekani, baada ya Marekani kuiweka kwenye orodha yake ya vikwazo, leseni walikuwa nayo na bado ikazimwa. R haizimwi hivo. Ross Ihaka na Robert Gentleman walianza kuiandika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na tangu 1995 iko chini ya leseni huria ya GPL, kwa hiyo toleo lililoko kwenye mashine yako hakuna wa kuja kukunyang'anya.

Lakini usiingie kwenye kikao na ushabiki. Stata ina jambo moja naliheshimu sana, ukiandika "version 13" juu ya faili yako basi hata baada ya miaka mingi toleo jipya litaisoma kama lilivyokuwa la 13. R haina kitu kama hicho ndani yake. Toleo la 4.0.0 lilipotoka Aprili 2020 waliacha ule utaratibu wa kugeuza maandishi kuwa faktori, yaani makundi yenye namba, yenyewe wakati wa kusoma data, na skripti za zamani zilizotegemea hilo zikaanza kugoma, nyingine zikaendelea tu kimya kimya na hizo ndo mbaya zaidi. Ndo maana ukichagua R tumia renv, ile pakeji (nyongeza ya R) inayotunza matoleo ya pakeji nyingine za mradi, kuanzia siku ya kwanza, iandike namba ya toleo, na usiapudeti pakeji katikati ya uchambuzi.

Kabla hujasema lolote chukua jedwali moja la ripoti yenu iliyopita ulikokotoe upya, kwenye Stata kwa amri za svy, zile za data za sampuli, na kwenye R kwa pakeji ya survey ya Thomas Lumley, uzani ule ule wa kila kaya, matabaka yale yale, yaani makundi mliyogawia sampuli. Asilimia zinatakiwa kulingana, na makosa sanifu pia, kile kipimo cha asilimia ingeweza kuyumba kiasi gani. Yasipolingana au yasipotoka, angalia kwanza kama kuna tabaka lililobaki na eneo moja tu la kuhesabia, maana hapo Stata usipoiambia kitu inaacha kosa sanifu wazi na R inakataa kabisa kuendelea. Wengi wanafika hapo wanasema R mbovu, kumbe shida iko kwenye sampuli.

Alafu yule mama mkubwa wa kitengo uliyenisimulia, aliyekuwa na Stata miaka yote. Usimbishie mbele za watu. Yeye ndo anajua kwa nini kila uamuzi ulifanyika kwenye data za nyuma, na R bila yeye haitakusaidia kitu, kaa naye, kwa sasa fanya kazi kwa Stata kama wao ili aweze kukukagua, na ukimwonyesha R anza na faili zake mwenyewe, pakeji ya haven inasoma dta, faili za data za Stata, bila shida.

Mi ningemwambia bosi R iwe ya kitengo kizima, na leseni moja ya Stata inunuliwe kwa ajili ya kazi za zamani, ulizia kama ya kudumu inapatikana, na ile pesa inayobaki aiweke kwenye mafunzo maana hapo ndo gharama ya R ilipo. Ukimaliza lile jedwali nitumie skripti zote mbili bila data za watu, nitazipitia wikiendi hii.

Baba yako