Lile swali la muda kule mlimani halikuwa la kipuuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Mimi nipo Moshi, Majengo, miaka tisa nimepanda mlima Kilimanjaro kama mgumu, yani mbeba mizigo ya wageni, mgongo ulivyokataa nikarudi kwenye fizikia niliyosoma, sa hivi nafundisha tuisheni jioni. Sasa juzi binti wa kidato cha tatu kaja analia. Alimuuliza mwalimu wake darasani, hivi muda kule Uhuru, kileleni kabisa, na huku mjini unaenda sawa? Kaambiwa akae chini aache upuuzi, muda ni muda, unatiririka sawasawa kila mahali kama mto Karanga.

Mhariri, jibu ni hapana, hauendi sawa! Hilo wazo la saa moja kubwa inayohesabu kwa ulimwengu mzima ni la Newton, 1687, na limetufaa sana sikatai, ila kama kuna wazo la fizikia la kuachana nalo leo mimi naanza na hilo. Einstein alishalivunja 1905, alafu 1915 akaonyesha kwamba hata mvutano wa dunia unachelewesha muda, ukiwa chini saa inaenda taratibu kidogo, ukipanda inaenda haraka. Uhuru ni mita 5,895, Moshi tuko chini yake kama mita elfu tano, ukipiga hesabu saa ya kule juu inaitangulia ya huku kwa nanosekunde kama 47 kila siku, yani unakata sekunde moja vipande bilioni alafu unachukua 47. Nakumbuka kambi ya Kibo saa sita usiku, baridi inakata masikio, mimi na mpishi tunalinganisha saa zetu kwa tochi kabla ya kumwamsha mgeni anywe chai, zinakubaliana kabisa. Saa ya mkononi haiwezi kuiona tofauti hiyo. Lakini mwaka 2010 Wamarekani waliiona kwa saa za atomu, zile sahihi kupita zote, waliinua moja sentimita 33 tu, rula ya mwanafunzi na kidogo juu yake, na ikaenda haraka kuliko mwenzake.

Na anayesema hayo ni mambo ya maabara ashike simu yake. Setilaiti za GPS, zinazoiambia simu uko wapi, ziko juu kama kilomita 20,000, saa zake zinatangulia za kwetu mikrosekunde 38 kwa siku, yani vipande 38 vya sekunde iliyokatwa mara milioni, zisiporekebishwa ramani inapotea zaidi ya kilomita kumi kwa siku moja, boda anatafuta mteja Soweto ya hapa Moshi anapelekwa Kibosho.

Ila kinachonigusa zaidi ni neno lenyewe "sasa". Chukua treni ya kwenda Arusha, radi mbili zipige, moja kichwani moja mkiani. Mtu aliyesimama kando ya reli katikati yake mwanga wote unamfikia pamoja, anasema zimepiga wakati mmoja. Mama aliyekaa katikati ya treni anaenda kuupokea mwanga wa mbele na kuukimbia wa nyuma, na kwa kuwa kasi ya mwanga ni ileile kwa wote wawili, yeye lazima aseme ya mbele imepiga kwanza. Na wote wawili wako sahihi!! Hakuna hakimu wa tatu mwenye saa ya kweli zaidi. Kwaiyo ukiniuliza sa hivi kwenye Andromeda, galaksi jirani yetu, kunatokea nini, mwanga wake unasafiri miaka kama milioni mbili na nusu kutufikia, hilo swali halina jibu moja kwa watu wote.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema basi kila mtu na ukweli wake. Hapana jamani, chanzo kinatangulia tokeo kwa kila mtu, hamna atakayeona mtoto kazaliwa kabla ya mama yake. Na kuacha wazo si aibu, etha nayo, kile kitu walichodhani kimejaa angani kubeba mwanga, ilifundishwa vyuo vikubwa, wanafizikia Michelson na Morley wakaitafuta 1887 wakaikosa, ikaachwa.

Mwalimu yule simlaumu sana, vitabu alivyopewa ndo hivyohivyo. Naomba ukurasa wenu wa elimu uliandike hili kwa Kiswahili chepesi. Yule binti nilimfundisha kupiga hiyo hesabu ya 47, jana karudi na daftari, ameshapata ya kambi ya Horombo, mita 3,720, anataka kujua ya Mweka kwa bibi yake.

Mgumu mstaafu,
Majengo, Moshi