Shukrani Zisiishie Daftarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie ushauri ambao siku hizi hurudiwa sana katika makala za afya na malezi: kwamba anayetaka utulivu wa moyo awe na daftari la shukrani, na kila jioni aandike mambo machache mema yaliyomfikia siku hiyo. Ushauri huo nauunga mkono, na mimi mwenyewe naufuata. Ninachosikitikia ni kwamba hutolewa nusu. Msomaji huelezwa namna atakavyojisikia yeye, lakini haelezwi kwamba sehemu kubwa ya mema atakayoyaandika yametendwa na watu, na kwamba watu hao hawana habari kuwa wametajwa popote. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo yenye uzito zaidi, na tafiti zilizopo zinaielekea.

Chimbuko la sehemu kubwa ya ushauri huu ni utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Michael McCullough. Katika sehemu ya kwanza ya utafiti huo, wanafunzi wa chuo waligawanywa katika makundi matatu bila upendeleo, wakawa wanaandika mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 10. Kundi moja liliandika mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, la pili liliandika kero, na la tatu liliandika tu matukio yaliyowagusa, yawe mema au mabaya. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, wakawa na matumaini zaidi kuhusu wiki iliyokuwa mbele yao, na hata malalamiko yao ya maumivu ya mwili yakapungua kuliko ya wenzao. Sehemu nyingine ya utafiti uleule iliwahusu watu wazima wenye maradhi ya neva na misuli, walioandika kila siku kwa siku 21. Hao walipata usingizi mzuri zaidi, na wenzi wao, walipoulizwa, walisema wameona mabadiliko. Tokeo hilo la mwisho hutajwa mara chache, nami nalithamini kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anaweza kujidanganya kuhusu hali ya moyo wake, lakini ni vigumu kumdanganya anayeishi naye chini ya paa moja.

Haki inadai niseme pia kwamba matokeo hayo yamehojiwa na wanataaluma wenyewe. Ukimlinganisha mtu anayeandika shukrani na mtu aliyeagizwa kuorodhesha kero, huwezi kujua kwa hakika kama wa kwanza amepanda au wa pili ameshuka. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba faida ipo lakini ni ndogo, na kwamba mazoezi ya shukrani, yakilinganishwa na mazoezi mengine ya kisaikolojia, hayakuonekana kuyazidi. Kwa hiyo makala inayoahidi kwamba daftari litabadilisha maisha ya mtu inaahidi kisichothibitishwa. Daftari lina faida ya kiasi, linagharimu dakika chache, na linafaa kupendekezwa kwa kiasi hichohicho.

Namna ya kuandika nayo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walichapisha utafiti ambamo washiriki waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kando ya kila jambo wakaeleza kwa nini lilitokea. Kundi la kulinganisha nalo liliandika kumbukumbu za utotoni. Walioandika mambo matatu walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona hata miezi 6 baadaye, hasa wale walioendelea na zoezi kwa hiari yao baada ya wiki ile. Makala nyingi hutaja mambo matatu na kuliacha hilo swali la kwa nini. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linaloliokoa zoezi lisigeuke orodha tupu. Anayeandika kwamba anaishukuru familia yake, kesho akaandika hivyohivyo, na keshokutwa tena, hajamkumbuka mtu yeyote. Lakini anayeandika kwamba dada yake alikesha naye hospitalini ilhali asubuhi alitakiwa kazini, kisha akajiuliza kwa nini dada huyo alifanya hivyo, atalazimika kukiri kwamba kuna mtu aliyechagua kupoteza usingizi wake kwa ajili yake. Sababu ya jema, ukiifuatilia kwa uaminifu, mara nyingi itakufikisha kwa mtu mwenye jina.

Kuhusu idadi ya siku za kuandika, nitasema kwa ufupi. Katika utafiti mmoja wa Sonja Lyubomirsky na wenzake, walioandika mara moja kwa wiki kwa wiki 6 walinufaika, ilhali walioandika mara tatu kwa wiki hawakuonyesha nafuu hiyo. Kinachozoeleka sana hupoteza ladha. Anayeona zoezi la kila siku limekuwa mzigo asijilaumu, apunguze.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike barua hii, nalo ni uhusiano baina ya watu. Mwanasaikolojia Sara Algoe, ambaye ameichunguza shukrani kwa miaka mingi, anaeleza kwamba kazi kubwa ya shukrani ni kutufumbua macho tuone watu wema walio karibu nasi, kutukumbusha wale ambao tayari tunao, na kutufunga nao kwa karibu zaidi. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti ambamo wapenzi wanaoishi pamoja waliandika taarifa kila usiku kwa wiki mbili kuhusu mambo mema waliyotendeana na hisia zilizofuata. Pale mmoja alipohisi shukrani kwa jambo dogo alilofanyiwa, siku iliyofuata wote wawili, aliyetendewa na aliyetenda, waliuona uhusiano wao kuwa bora zaidi. Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba yaliyowagusa yalikuwa mambo ya kawaida kabisa ya nyumbani, yale ambayo baada ya miaka michache ya kuishi pamoja huonekana kama wajibu usiohitaji neno.

Mwaka huohuo Nathaniel Lambert na wenzake walichapisha matokeo yanayogusa moja kwa moja suala la daftari. Washiriki walioagizwa wamweleze rafiki yao shukrani mara kwa mara, baada ya majuma kadhaa, walijiona wana dhamana kubwa zaidi juu ya hali njema ya rafiki huyo kuliko wale walioagizwa wawaze tu mawazo ya shukrani juu yake. Yaani wote wawili walikuwa na shukrani moyoni, lakini aliyeitamka ndiye aliyefungwa nayo. Mwaka uliofuata Lambert na Frank Fincham waliongeza tokeo ambalo wanandoa wengi wangenufaika kulijua: mtu anayemshukuru mwenzi wake kwa maneno huwa huru zaidi pia kumweleza mambo yanayomkera katika uhusiano wao. Tumezoea kudhani kwamba shukrani huziba malalamiko. Inaelekea badala yake huyafungulia njia ya kusemwa kwa upole, kwa kuwa anayelalamikiwa tayari anajua kwamba mema yake yameonekana.

Kwa nini basi watu huandika na wasiseme? Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwaomba watu waandike barua za shukrani na kukisia jinsi wapokeaji watakavyojisikia, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walidhani kwamba barua zingewatia wapokeaji aibu kuliko ilivyokuwa, na hawakutambua zingewashangaza na kuwafurahisha kiasi gani. Waandishi walihofia wasije wakachagua maneno yasiyofaa, ilhali wapokeaji waliguswa na wema uliokuwamo ndani yake. Naamini hofu hiyo imenyamazisha shukrani nyingi kuliko kiburi, hasa kwa wazee wetu, walimu waliotufundisha zamani na wakubwa wa kazi, ambao tunahisi kwamba kuwaandikia maneno ya moyoni ni kuvuka mpaka wa heshima.

Hata maneno yenyewe hayalingani. Katika utafiti mwingine wa Algoe na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, shukrani iliyomtaja mtendaji, wema wake na juhudi zake, ilimgusa zaidi kuliko ile iliyoeleza tu faida aliyoipata mshukuruji. Kumwambia ndugu kwamba fedha aliyokukopesha ilikusaidia sana ni kuzungumza habari zako. Kumwambia kwamba alikupa bila kukuuliza maswali na bila kukutangaza, na kwamba huo ni ungwana ambao si wote walio nao, ni kuzungumza habari zake. Mwenye daftari zuri tayari ana maneno hayo, kwa kuwa ameyapata alipokuwa akijibu swali la kwa nini. Kilichobaki ni kuyafikisha.

Nina tahadhari mbili ambazo singependa zipuuzwe. Ya kwanza ni kuhusu wagonjwa. Uchambuzi wa tafiti 27 uliofanywa na David Cregg na Jennifer Cheavens, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiwango kidogo tu, na waandishi wake wakashauri watu wenye matatizo hayo watafute tiba zilizothibitika. Mtu ambaye hawezi kuamka kitandani, aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu wake, hafai kukabidhiwa kalamu na kuambiwa ahesabu neema. Akishindwa kuzihesabu atajiona mkosefu wa fadhila juu ya ugonjwa alio nao. Huyo apelekwe kwa mtaalamu, na daftari likija, lije baadaye na kwa hiari yake.

Ya pili inaniuma zaidi. Shukrani hudaiwa mno kutoka kwa wanyonge. Mke anayepigwa huambiwa ashukuru kwamba ana mume, mfanyakazi asiyelipwa kwa wakati huambiwa ashukuru kwamba ana kazi, na mtoto aliyelelewa na jamaa akithubutu kuuliza haki yake huambiwa shukrani ya punda ni mateke. Matumizi ya namna hiyo hayana uhusiano wowote na ninayoyatetea hapa. Shukrani inayodaiwa kwa nguvu huwa deni, na tunajua sote jinsi mdeni anavyomwepuka anayemdai. Hata katika ndoa zisizo na ukatili, mmoja akishukuru daima na mwenzake asishukuru kamwe, si haki kumwongezea yule wa kwanza zoezi la daftari. Anayestahili kuandika ni yule wa pili, aanze na kazi zote za nyumbani zilizofanyika wiki hii ambazo hakuzifanya yeye.

Kwa sababu hizo, Mhariri, nina ombi moja la vitendo. Gazeti lako hutupa sisi wasomaji nafasi ya kulalamika, na nafasi hiyo isiondolewe. Naomba pembeni yake kitengwe kisehemu kidogo, hata mara moja kwa wiki, ambapo msomaji ataandika mistari michache ya kumshukuru mtu aliye hai kwa tendo moja alilolitenda, kwa idhini ya mtajwa ikiwa jina lake litachapishwa. Masharti yawe magumu kidogo: tendo litajwe waziwazi, sababu yake ielezwe, na sifa za jumla kwa viongozi na wafadhili zisipokelewe, kwani hao wana kurasa zao tayari. Ukikubali, nitakuwa miongoni mwa wa kwanza kuleta mistari yangu, na aliyenifundisha kusoma ndiye nitakayemwandika.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi