Barua kutoka Bukit Lawang

Bukit Lawang, Langkat,
Sumatra Kaskazini, Indonesia

Swahiba,

Salamu nyingi, na poleni na joto la Dar. Barua yako imefika. Habari za watoto na za mvua zitafuata huko chini. Kwanza nikujibu hili la kutaka kununua kiwanja huku, maana naona una haraka nalo na mafao yako yameshatoka.

Kiwanja hutanunua. Vipo, na wauzaji wapo tele, lakini sheria yao ya ardhi ya mwaka 1960 inampa umiliki kamili raia peke yake. Hata ukirithi, unapewa mwaka mmoja uwe umeshakiachia. Huyo dalali aliyekwambia "tutaandika kwa jina la mwenyeji, wewe ndiye mwenye mali" anakuuzia hewa. Sheria hiyohiyo inasema mauzo ya namna hiyo ni batili, ardhi inarudi serikalini, na fedha uliyolipa huwezi kuidai. Na huyo mwenyeji ana watoto na wajomba. Akifa leo, utamweleza nani?

Njia halali zipo. Unaweza kupanga ardhi kwa miaka kadhaa kwa mkataba wa mthibitishaji. Ipo pia haki ya kutumia, wanaiita hak pakai, kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi. Njia ya tatu ni kufungua kampuni ya kigeni, ila huko wanataka mpango wa uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10, ardhi na majengo havihesabiwi. Ni kama dola laki sita. Kwa mafao ya mwalimu wa sekondari, hilo tuliache.

Utauliza, mbona mimi nina nyumba? Nyumba ni ya mke wangu. Tena ilibidi tuandikiane mkataba wa kutenganisha mali, kwa sababu raia aliyeolewa na mgeni bila mkataba huo mali yao huhesabiwa ya wote wawili, na umiliki wake unaingia mashakani. Zamani ulipaswa kuandikwa kabla ya ndoa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016 unaweza kuandikwa hata baadaye. Kwa hiyo kisheria mimi hapa ni mgeni wa kudumu, na nalala vizuri tu.

Sasa ile picha uliyonitumia, ya kiwanja kando kabisa ya mto Bahorok. Pazuri, sikatai. Maji ni ya baridi, mawe yanaonekana hadi chini, ng'ambo msitu wa hifadhi ya Gunung Leuser umesimama wima. Lakini usiku wa tarehe 2 Novemba 2003, mwanzoni mwa Ramadhani, mto huo ulishuka na magogo na matope ukafagia kingo zote mbili. Walikufa watu 239. Nyumba za wageni, maduka, yote yakaenda. Wengi hapa wanalaumu ukataji miti wa wizi huko juu. Watalii walianza kupokewa tena mwaka uliofuata, na ukitembea leo utakuta vibanda vimerudi palepale majini, kwa sababu mgeni anataka kulala akisikia mto. Mzee mmoja jirani yetu amejenga juu kilimani, mbali na biashara. Wageni wake ni wachache. Mvua ikipiga mfululizo jioni, wenye vibanda vya chini ndio wanaopanda kwake.

Kama ni kilimo unachowaza, hapo utacheka. Kutoka Medan hadi huku ni kama kilomita 90, saa tatu au nne kwa ubovu wa barabara, na ukishapita Binjai, sehemu kubwa ya njia unaangalia michikichi. Michikichi, swahiba! Mti wa kwetu Afrika. Waholanzi walipanda miche minne tu kwenye bustani ya Bogor mwaka 1848, na mashamba makubwa ya Sumatra yakaanza 1911. Leo Indonesia ndiyo ya kwanza duniani kwa mawese, na sisi Kigoma tuliozaliwa chini ya mti huo tunaagiza mafuta ya kula kutoka nje.

Usidhani mkulima mdogo anatajirika. Shemeji yangu ana shamba dogo, na huwa namsindikiza siku ya kuvuna. Anashika mti mrefu wenye mundu nchani, anakata kuti kwanza, kisha shada, na shada linadondoka kwa kishindo hadi unasogea nyuma bila kuambiwa. Mkewe anapita nyuma na ndoo akiokota chikichi zilizotawanyika, moja moja, maana kila punje ina uzito na uzito ndio hela. Kisha anakuja mnunuzi, wanamwita toke, anapima na kukata asilimia zake za "maji na takataka" kwa macho tu. Huwezi kugoma. Shada lililokatwa likichelewa siku mbili kufika kiwandani mafuta yanachachuka, na toke anajua kuwa unajua. Mvua ikiharibu barabara ya shambani, bei ya siku hiyo anaipanga yeye.

Kwa hiyo kama fedha inakuwasha mfukoni, ekari chache za michikichi ya kisasa huko kwetu zitakuwa zako kwa jina lako mwenyewe. Pale kituo cha utafiti cha Kihinga, Kigoma, wanazalisha mbegu bora. Kaulize huko kabla ya kuuliza Sumatra.

Mimi maisha yamenikubali. Watu wa hapa ni Wakaro, Wamalay na Wajava, na nilipooa nilipewa ukoo, kwa sababu kwa Wakaro asiye na ukoo hana mahali pa kukaa kwenye sherehe. Sasa mimi ni Sembiring, usicheke. Mama mkwe na mimi hatusemezani. Hatujagombana, ni mila yao, kama wazee wetu walivyomkimbia mkwe njiani, ila hapa tunaishi nyumba moja. Akitaka kunituma na hakuna mtu wa kupitia, anauambia ukuta: "Ewe ukuta, mwambie wali umeiva." Nami naujibu ukuta kuwa ahsante, nakuja. Tunaheshimiana kuliko watu wengi wanaoongea kutwa. Asubuhi nashughulika na miti ya mpira: tunagema kabla jua halijawaka, na utomvu ukiganda vikombeni unanuka vibaya, siku ya kuuza nguo zote zinafuliwa.

Njoo kwanza utembee. Nchi zilizo kwenye orodha yao hupata viza wakifika, rupia 500,000, siku 30, inaongezwa mara moja. Wewe hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji wao kabla ya kukata tiketi. Ukifika tutaingia msituni na mwongoza watalii mwenye kitambulisho. Orangutan, wale sokwe wekundu wa huku, utawaona. Kituo cha kuwarudisha porini waliofugwa kilianzishwa hapa 1973 na wanawake wawili wa Uswisi, na baadhi ya waliopitia hapo bado wanamsogelea mtu kutafuta ndizi. Usiwape, hata mwongozaji akikukonyeza. Wanaambukizwa mafua yetu, na wa Sumatra waliobaki porini hawafiki 15,000. Kurudi huwa tunashuka na mto juu ya tyubu za malori zilizofungwa pamoja, kwa hiyo simu ifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Epuka Oktoba hadi Desemba, mvua ni ya kutisha. Ukija Julai au Agosti ukakuta duriani na shokishoki, heri yako. Soksi ndefu njoo nazo, kwa ajili ya ruba. Dagaa wa Kigoma lete kilo mbili, ila ulizia masharti ya forodha wasije wakaishia uwanja wa ndege wa Kualanamu.

Bi mkubwa msalimie, mwambie dua zake zinafika. Watoto bado sijawaulizia: yule wa kidato cha nne amepata daraja gani?

Wako,
Sembiring wa Ujiji