Shukrani kwa kaka wa Mbuyuni

Kaka uliyeniazima DVD ya filamu ya Rear Window pale sokoni Mbuyuni, Moshi, asante sana. Nilitaka kitu cha kumchangamsha baba aliyevunjika mguu, ukasema, "Mpelekee hii ya mwaka 1954, shujaa wake naye ana hogo." Hukutaka hata hela.

Baba alitazama kimya, mpaka Lisa, mpenzi wa shujaa Jeff, alipoingia kwa Thorwald, jirani anayeshukiwa kumuua mkewe, kutafuta pete ya mke huyo, na Thorwald mwenyewe akatokea kwenye korido. Baba akapiga kelele, "Toka binti, anakuja!" Mama alikimbia kutoka jikoni! Hitchcock, mwongozaji wa filamu, anatesa kweli: unaiona hatari ng'ambo ya ua na huwezi kunyanyuka, sawa na Jeff kitini.

Baadaye baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mungu akubariki, kaka. Anauliza kama unayo nyingine.